Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Mtwara: Binti huyu asilazimishwe kuomba radhi

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Salaam, na pole kwa majukumu.

Nakuandikia kuhusu mchezaji wa timu moja ya mpira ya wasichana hapa mkoani kwetu. Jina lake sitaliandika, wala la timu, maana limeshazungushwa vya kutosha na watu wasiomtakia mema. Ana miaka 19. Wiki mbili zilizopita timu yake ilifungwa nyumbani, na mtangazaji wa redio akamsogezea kipaza sauti amuulize kilichowaponza. Tumezoea majibu ya siku zote: wenzetu wametumia nafasi, mpira una matokeo matatu, tunarudi kujipanga. Yeye akasema wachezaji waliingia uwanjani hawajala tangu chai ya asubuhi. Akasema michango iliyokusanywa kwa ajili ya viatu na nauli hawajaiona. Akamalizia kwamba wapo mashabiki wanaokuja kuangalia mapaja badala ya mpira, na huyasema hayo kwa sauti wakati wao wako kwenye mstari wanarusha mpira.

Maneno yale hayakufika hata dakika mbili. Tangu siku hiyo mtoto wa watu hajapumua.

Juzi nilikuwa nasubiri bodaboda pale Magomeni. Vijana wameizunguka pikipiki moja, simu iko juu ya tangi, wanasikiliza sauti iliyorushwa kwenye grupu la WhatsApp la mashabiki. Mwanaume mmoja anasema mpira umemshinda, aende akaolewe. Inafuata nyingine, huyu anamwita msomi wa kujifanya. Ya tatu inasema ameiaibisha Kusini mbele ya wageni. Chini ya hizo sauti mtu alikuwa ameweka namba ya simu ya binti huyo, watu "wamfundishe adabu wenyewe". Namba hiyo ndiyo anayopokelea oda za chapati na sambusa anazouza ili apate nauli ya mazoezini. Sasa ameizima. Oda zimekufa.

Wapo waliomuunga mkono, tena wengi, ila hao hawana kelele. Akina mama wa samaki pale Feri walikuwa wakiisikiliza sauti yake kama wanavyosikiliza taarifa ya habari, na mmoja wao akasema huyu kasema waliyoyameza wenzake.

Wanaotukana sina muda nao mrefu. Wanaonisumbua ni wale wastaarabu, wanaosema: kasema kweli, ila pale hapakuwa mahali pake, mambo ya ndani yaishie ndani. Nakaa hapa kidogo, Mheshimiwa, kwa sababu uongozi wa timu umejificha nyuma ya hoja hiyohiyo. Umemwandikia barua kumtaka aombe radhi hadharani kwa mashabiki na kwa viongozi, la sivyo jina lake halitakuwa kwenye orodha ya mechi ijayo.

Kulisema ndani, alilisema. Wachezaji wenzake wananiambia suala la viatu liliwekwa mezani kwenye kikao kabla mashindano hayajaanza, wakajibiwa kwamba linashughulikiwa. Likasemwa tena garini, wakirudi kutoka mechi ya ugenini. Wakaambiwa wavumilie, timu ni changa. Na mimi siku ile ya mechi nilikuwepo. Kipindi cha pili kocha alifanya mabadiliko. Beki aliyekuwa anatoka hakukimbilia benchi. Alikaa palepale pembeni ya mstari, akafungua kamba, akavua viatu, akamkabidhi mwenzake anayeingia. Yule aliyeingia alivivaa vikiwa bado vina jasho, akasokota kipande cha kitambaa akakijaza mbele kwa sababu vilimzidi, mwamuzi amesimama anamsubiri. Uwanja mzima ulitazama. Nani atasema hilo lilikuwa jambo la ndani?

Kuna mzee ninayemheshimu, mtu wa mpira tangu ujana wake, aliyeandika kwamba wenzetu wa nje wamefika mbali kwa nidhamu: mchezaji akishindwa anampa mshindi mkono, anaondoka. Mimi na mabinti zangu tunapenda sana kuangalia kuteleza kwa madaha kwenye barafu, mchezo ambao sisi wa pwani hatuna pa kuuchezea, na ningependa mzee wangu ajue mambo ya huko. Huo ni mchezo wa adabu kweli, wa nguo zinazometameta, tabasamu na maua. Hata humo watu husema, na mashabiki hupasuka vipande viwili.

Surya Bonaly wa Ufaransa alikuwa bingwa wa Ulaya mara tano mfululizo, 1991 hadi 1995. Ni mwanamke mweusi, katika mchezo ambao weusi walikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Mwaka 1994, kwenye mashindano ya dunia yaliyofanyika Chiba, Japani, alishika nafasi ya pili kwa tofauti ndogo sana, nyuma ya Yuka Sato ambaye alikuwa mwenyeji. Bonaly aligoma kupanda jukwaani, akasimama pembeni. Alipovishwa medali ya fedha, akaivua. Uwanja ukamzomea. Miaka minne baadaye, Olimpiki ya Nagano, ana jeraha na medali haipo tena mbele yake, aliruka sarakasi ya kinyumenyume akatua kwa mguu mmoja, mbinu ambayo kanuni zilikuwa zimeipiga marufuku. Majaji walimkata alama, watazamaji wakamshangilia. Marufuku yenyewe imekuja kuondolewa mwaka 2024.

Sisemi kila alilofanya lilikuwa sawa. Kuivua ile medali kulimuumiza Sato, ambaye hakuwa na kosa lolote, na mimi nisingependa binti yangu amfanyie hivyo mwenzake. Lakini hebu linganisha. Bonaly alikuwa analalamikia alama za majaji, na alama katika mchezo ule kwa sehemu kubwa ni macho ya mtu na anavyopenda. Utabishana nazo mpaka kesho. Binti wetu amezungumzia sahani za chakula, jozi za viatu na fedha za michango. Hivyo vyote vinahesabika. Mtu mwenye daftari la mapato na stakabadhi anaweza kumaliza ubishi huu kwa mchana mmoja, na kama binti amesema uongo, uongo wake utaonekana bila yeyote kumtukana. Kwa nini basi daftari halijafunguliwa, na barua ya kudai radhi imeandikwa haraka hivyo?

Yuko mwingine, Mmarekani, Ashley Wagner. Januari 2018 alishika nafasi ya nne kwenye mashindano ya taifa lao, nafasi za kwenda Olimpiki zikiwa tatu, akaachwa. Akasema waziwazi kwamba alama alizopewa zimemkasirisha. Mashabiki wengine wakamwita mtu asiyekubali kushindwa, wengine wakashukuru kwamba walau kuna mmoja anayesema. Mwaka uliofuata, 2019, mwanamke huyohuyo aliandika gazetini jambo zito zaidi: kwamba mwaka 2008, akiwa na miaka 17, wakati wa kambi ya mazoezi, mtelezaji mwenzake alimdhalilisha kijinsia. Ilipita miaka 11 kabla hajalitoa hadharani. Huyo ni mtu aliyejulikana nchi nzima kwa kutoogopa kusema.

Mheshimiwa, nakuomba ulipime suala letu kwa mizani hiyo. Ikiwa mwenye sauti kama ile alikaa nalo miaka yote hiyo, binti wa Mtwara anayefundishwa leo kwamba kutaja viatu na chakula ni utovu wa nidhamu, siku mtu mzima wa kambini akimshika asipotaka atamwendea nani? Atakuwa ameshajua kitakachomfuata: mashabiki watamtukana, namba yake itasambazwa, uongozi utadai radhi. Na wenzake kumi na tisa au ishirini wanaoliangalia hili nao watakuwa wameshajua. Kwangu mimi hili ndilo kubwa kuliko viatu, kuliko hata hizo fedha.

Mkoa huu unajua kumsikiliza mtu mwenye dukuduku. Kila msimu wa korosho, kwenye minada, mkulima wa Tandahimba au Newala husimama mbele ya viongozi wa ushirika na waandishi wa habari akasema bei hii hatuuzi, na siku nyingine korosho kweli haziuzwi. Sijasikia hata mmoja akiambiwa aombe radhi kwa kuuaibisha mkoa. Anasikilizwa kwa sababu mali ni yake na jasho ni lake. Na wanaume wanaocheza mpira nchi hii wanapolia redioni kwamba mishahara imechelewa, sisi mashabiki huwaonea huruma na kuwafokea viongozi wao. Kwa nini msichana akisema hajala, tunamuuliza kuhusu adabu?

Nije kwenye hilo la mapaja, maana ndilo lililowachoma wengi. Mimi hukaa upande uleule wa uwanja alioutaja. Maneno yenyewe nimeyasikia, siwezi kuyaandika kwenye barua ya kwako. Yanasemwa na watu wachache, watu wazima, wengine wana mabinti, na sisi wengine tunacheka au tunatazama pembeni. Binti alisema "wapo". Hakusema wote. Mashabiki wa Mtwara tunajua kushangilia mpira. Enzi za timu yetu ya Ndanda ikiwa Ligi Kuu, sisi mashabiki wake, Wana Kuchele, tuliujaza uwanja wa Nangwanda Sijaona kwa ngoma na vigelegele, na watu walikuja mpaka kutoka Masasi. Shabiki wa namna hiyo hakuguswa na maneno yale, kwa hiyo hana haja ya kuombwa radhi. Na yule mwingine hastahili.

Kuna sheria pia. Ibara ya 18 ya Katiba yetu inampa kila mtu uhuru wa kutoa maoni yake, na haikumtoa anayevaa jezi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kumnyanyasa mtu kwa ujumbe wa simu na mitandao. Kuna na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na waliomwaga namba yake kwenye magrupu wangefaa kuambiwa kwamba ipo. Binti anaogopa kwenda Dawati la Jinsia na Watoto la Polisi peke yake, kwa sababu anadhani ataulizwa kwa nini alisema. Akisindikizwa na mtu kutoka ofisi yako, atakwenda.

Ninachokuomba hasa ni hiki: waite viongozi wa timu, waambie ile barua ya kudai radhi waiondoe, kwa maandishi, kama walivyoiandika. Wakishaiondoa, waje na hesabu za michango zisomwe mbele ya wachezaji na wazazi wao, palepale uwanjani hata kama ni nusu saa kabla ya mazoezi. Sina haja ya kuona mtu anafukuzwa. Inawezekana fedha zilikwenda kwenye usafiri na waamuzi, na hakuna aliyekula hata shilingi. Basi wasichana waelezwe, wao ndio wanaotoka jasho. Mkoa uliopokea wanafunzi wa nchi nzima kwenye UMITASHUMTA na UMISSETA, michezo ya shule za msingi na sekondari, mwaka 2021 hauwezi kushindwa kujua sahani ngapi za wali zinahitajika kwa timu moja siku ya mechi.

Na wewe mwenyewe, ukipata nafasi ya kusema na mashabiki, tafadhali sema nao. Neno lako litafika kwenye vijiwe ambako langu haliwezi kufika.

Wasichana hawa walikesha Julai 2025 kuwaangalia Twiga Stars, timu yetu ya taifa ya wanawake, kwenye fainali za Afrika kule Morocco, za kwanza kwa Tanzania tangu 2010. Najua kwa sababu wengine walikuwa sebuleni kwangu, na huyu tunayemzungumzia alikuwa amekaa chini karibu na televisheni, anawataja wachezaji kabla mtangazaji hajawataja. Alikuwa anaangalia mabeki wa pembeni tu, wanavyorudi.

Orodha ya wachezaji wa mechi ijayo inapelekwa Alhamisi. Naomba kabla ya siku hiyo uongozi wa timu uwe umeshapata simu kutoka ofisini kwako, na jina lake liwemo.

Wako katika kuujenga mkoa,

Mama wa mabinti wawili, shabiki wa mpira wa wanawake
Mtwara Mjini