Kijiko cha baba

Ndugu yangu,

Salamu kutoka Morogoro. Huku hatujambo, presha ya mama imeteremka tangu wageni wapungue. Unisamehe kimya changu. Ulipotuma rambirambi sikujibu hata asante, na wewe ndiye niliyetamani awe karibu siku ile.

Arobaini ni Jumamosi ijayo, nami nimepewa kusoma wasifu wa marehemu baba. Shangazi ameshauandika, kurasa mbili: ubatizo, ndoa, watoto 6, uongozi wa kigango. Vita imepata mstari mmoja tu: "Alipigana Vita ya Kagera, akarudi salama." Nimekwama kwenye hilo neno salama.

Wewe umelala kwetu likizo ngapi? Ulimwona anavyolala sebuleni kwenye kiti, uso mlangoni. Kila Julai 25, Siku ya Mashujaa, redio ikianza tu gwaride anaizima na kushika jembe. Vijana wa mtaani wakiigiza hotuba ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1978 dhidi ya Idi Amin, "nia ya kumpiga tunayo," yeye huyo anaondoka barazani. Alikwenda akiwa mgambo, ana miaka 22. Alichotusimulia ni kutembea: Mutukula mpaka Masaka, mpaka Kampala, kwa miguu, soksi zimeozea ndani ya buti. Akifika Lukaya, Machi 1979, barabara katikati ya kinamasi, anasema "huna pa kukimbilia, kulia maji, kushoto maji," halafu anaomba chai.

Na ndiye huyohuyo aliyetuogesha mama akiwa zamu ya usiku! Alimsuka dada nywele, mistari imepinda kama njia ya mbuzi, dada akaenda nazo shule anaringa. Sukari ilipoadimika miaka ile ya themanini, alishika foleni tangu saa tisa usiku, mimi mgongoni nimefunikwa koti lake. Hayo nataka yasomwe. Shangazi anasema wasifu utakuwa mrefu, watu wana njaa.

Lakini kilichonifanya nikuandikie ni kile kijiko. Unakikumbuka? Cha aluminiamu, mpini umepinda, alichokuwa akikiosha mwenyewe na hakuna aliyethubutu kukigusa. Tulikikuta mfukoni mwa shati lake. Nikakiangalia vizuri kwa mara ya kwanza: nyuma ya mpini kumekwanguliwa J.M., kwa ncha ya kisu nadhani, ile M imelala upande. Baba si J wala M. Baba mdogo alitaka azikwe nacho, mama akakataa. "Si chake," akasema, "kina mwenyewe." Nikamuuliza ni nani, akajifunika kanga usoni.

Miaka zaidi ya arobaini amekula kwa kijiko cha mtu, mbele yetu sote.

Mzee wako walikwenda pamoja na kurudi pamoja. Hebu kaa naye, asubuhi akiwa na nguvu, umuulize taratibu, akikataa usimlazimishe. J.M. alikuwa nani? Alibaki Lukaya, au amelala makaburi ya mashujaa ya Kaboya na wenzake? Alikuwa na mke, watoto? Kwao ni wapi, na yupo wa kupokea kijiko? Na mzee mwenyewe miguu ikoje, anaweza kupanda basi aje Jumamosi? Nauli nitatuma mimi. Nawe utakuja?

Nijibu kabla ya Alhamisi, shangazi anapeleka karatasi kuchapwa.

Ni mimi nduguyo.