Shukrani kwa kaka wa njia ya Pongwe

Kaka uliyenikuta nimekwama na pikipiki yangu njia ya Pongwe, Tanga, petroli ikichuruzika karibu na ekzosi, asante sana. Jina sikukuuliza. Ulisubiri kwanza injini ipoe, ndipo ukachomoa kiungio cha plastiki cha mpira wa mafuta na kunionyesha ufa mwembamba kama unywele, na oringi (kipete cha mpira cha kuzuia uvujaji) iliyokakamaa. Wapo ambao wangekaza waya tu niondoke. Wewe ulikataa, ukasema pikipiki ya injekta kama yangu husukuma mafuta kwa presha, mpira wa pikipiki za kabureta hauhimili. Ukazunguka nami maduka ya spea Ngamiani mpaka tukapata kiungio cha chuma na mpira wake. Ulipowasha, ulipitisha kidole kila kiungio, pakavu kabisa. Ukapokea hela ya soda tu! Mungu akuzidishie, kaka, na awabariki wazazi waliokulea.