Pengo la mishahara lisipimwe kwa mshahara wa msingi peke yake

Ndugu Mhariri,

Msomaji mmoja aliandika katika ukurasa huu kwamba hapa nchini hakuna pengo la mishahara kati ya wanaume na wanawake, kwa sababu ngazi za mshahara haziulizi jinsia ya mtu. Huu ni mwaka wa 17 nikiandaa mishahara katika kiwanda kimoja hapa Dar es Salaam, na naomba nafasi ya kueleza kwa nini hoja hiyo, ingawa ina ukweli ndani yake, haitoshi.

Mwisho wa mwezi mmoja dada wa idara ya ufungashaji alikuja dirishani kwangu, hati ya mshahara mkononi imekunjwa mara nne. Akaniuliza, "Dada, yule kaka tulianza naye kazi siku moja na mashine yetu ni ileile. Mbona yeye ana laki tano na kumi, mimi laki tatu na tisini?" Nilimfungulia hesabu zote mbili. Mshahara wa msingi wa kila mmoja wao ulikuwa shilingi 390,000, ambao kwa saa 45 za wiki, yaani takriban saa 195 kwa mwezi, ni shilingi 2,000 kwa saa. Mwenzake alikuwa amefanya saa 40 za ziada, na kwa kuwa sheria inataka saa ya ziada ilipwe mara moja na nusu, alikuwa ameongeza shilingi 120,000. Hapakuwa na kosa katika hesabu.

Sasa pengo kati ya hao wawili ni kiasi gani? Ukipima mshahara wa msingi, hakuna pengo. Ukipima malipo ya mwezi kabla ya makato, dada yule yuko nyuma kwa zaidi ya asilimia 23. Ukigawa malipo hayo kwa saa ambazo kila mmoja amefanya kazi, pengo linabaki karibu asilimia 8. Majibu yote matatu ni sahihi, kila moja likijibu swali lake, na ndiyo maana anayetaja asilimia bila kusema amepima nini hajatueleza lolote. Msomaji mwenzangu alichagua kipimo cha kwanza na kukiita ukweli wote.

Mtaalamu wa takwimu angesema pengo hili limeelezeka, kwa kuwa linatokana na saa za kazi. Ni kweli, lakini kueleza si kuhalalisha. Kwetu saa za ziada hutangazwa saa tisa alasiri, kwa kazi ya jioni ileile. Dada yule anakaa Chanika, mtoto wake hushinda kwa jirani hadi jioni, na akichelewa daladala za mwanzo hafiki kabla ya giza. Mumewe naye ni mfanyakazi, lakini sijasikia mtu akimuuliza mwanamume yeyote atamwachia nani mtoto. Claudia Goldin, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2023, ameonyesha kwa takwimu za Marekani kwamba hata kwa watu wa kazi moja pengo hupanuka sana baada ya mtoto wa kwanza kuzaliwa, na kwamba kazi zinazomlipa zaidi anayepatikana wakati wowote humwacha nyuma mwenye kulea. Nimeona hayo kwa macho yangu: anayebaki jioni ndiye huonekana ana moyo wa kazi, na usimamizi ukipatikana hupewa yeye.

Sheria tunayo. Ibara ya 23 ya Katiba inampa kila mtu haki ya ujira unaolingana na kazi yake bila ubaguzi, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri achukue hatua za kuhakikisha malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Kinachokosekana ni kuonyesha hesabu. Uingereza tangu 2017 imewataka waajiri wenye wafanyakazi 250 au zaidi kutangaza pengo lao kila mwaka. Iceland, kwa sheria iliyoanza 2018, ilimtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 25 au zaidi athibitishe kwamba analipa sawa. Naiomba wizara yenye dhamana ya kazi iwatake waajiri wakubwa wa hapa waonyeshe malipo ya wanaume na ya wanawake kwa saa, posho na saa za ziada zikiwemo. Takwimu hizo tayari zimo katika daftari la mishahara, ninazijaza kila mwezi. Mama lishe wa Kariakoo hatakuwemo, kwa kuwa hana mwajiri, na yeye atahitaji kipimo cha namna nyingine.

Dada yule hakuomba nyongeza. Aliomba saa za ziada zitangazwe siku moja kabla, ili apange na jirani yake. Ombi hilo nimelifikisha kwa utawala kwa maandishi, na hadi ninapoandika barua hii halijajibiwa.

Mhasibu wa mishahara,
Temeke, Dar es Salaam