Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Wanachama, Mwaka 2024

Wazee wetu, akina mama wa matanuri na wa vichanja, wenye boti, mabaharia, vijana wa kitalu cha miche, na Mheshimiwa Mwenyekiti wa LC1, yaani serikali ya kijiji, uliyekubali kukaa nasi: salaam. Naisoma taarifa hii kwa Kiswahili kama tulivyozoea, kwa kuwa humu tumo Waganda, Wasoga, Wajaluo, watu wa Bukoba na waliovuka kutoka Kongo, na hapa mwaloni, kwenye visiwa vya Ssese nchini Uganda, ndiyo lugha tunayokopeshana na kudaiana kwayo. Nakala ya Kiganda iko kwa katibu.

Mwaka 2024 ulikuwa mwaka wa maji. Tulikuwa tumepanga kusukuma makubaliano yetu na Mamlaka ya Taifa ya Misitu, kufunga uvuvi kwa miezi kadhaa katika ghuba ya mazalia ya sato, na kupunguza kuni zinazoingia kwenye matanuri ya samaki. Yote matatu yalikutana na ziwa lililopanda. Mwaka 2020 Ziwa Viktoria lilipita rekodi ya 1964, tukajiambia kwamba hilo ni jambo la mara moja katika maisha ya mtu. Mei 2024 likapita tena hapo. Safu ya mbele ya nyumba iliingia majini, vyoo vikafurika, vichanja vya kukaushia mukene (dagaa) vikaenda na mawimbi, na mahali tulipokuwa tukifanyia mkutano huu pakawa pa kuegesha mitumbwi.

Waliohama hawakuwa na pa kwenda ila juu, na juu kuna msitu. Hapo ndipo chama kilipopimwa mwaka huu, kwa hiyo nitakaa hapo kwa muda.

Katika kikao cha dharura ililetwa hoja kwamba kanuni ya msitu isimamishwe kwa mwaka mmoja, watu wakate nguzo na kujenga. Waliotoa hoja hiyo si maadui wa msitu. Baadhi yao walipanda miche kwa mikono yao wenyewe. Walikuwa wamelala kwenye maturubai na watoto. Upande wa pili kulikuwa na waliotaka tuwaite walinzi wa misitu siku hiyohiyo. Nilikataa vyote viwili, na wapo ambao hadi leo hawanisalimii vizuri kwa ajili hiyo. Kanuni inayosimamishwa wakati wa shida haiwi kanuni tena shida inapokwisha. Na kumletea askari mtu aliyepoteza nyumba ni kumfundisha kwamba msitu ni wa serikali na chama ni mpelelezi wake.

Tulichofanya ni kutafuta nani ananunua nguzo. Ilionekana kwamba wengi hawakukata wenyewe. Waliletewa na vijana wachache wenye panga na bodaboda, ambao waliona soko limefunguka. Basi chama kikakopa nguzo za mikaratusi kutoka kwa wanachama wenye mashamba ya miti, zikatolewa kwa waliohama kwa malipo ya polepole. Wenye vibanja mlimani, nanyi mnajijua, mliwapa nafasi ya muda bila kudai kodi ya msimu wa kwanza. Nguzo ya msituni ikakosa mnunuzi, na wale vijana wakarudi kwenye kazi nyingine. Sisemi ukingo wa msitu haukuguswa. Nendeni upande wa mashariki mtaona visiki vya miti ya musizi. Lakini kwa tulivyoanza Juni, sikudhani tungemaliza Desemba hivi.

Hapa niseme neno kwa wageni wanaokuja kututazama na kuondoka wakisema misitu ya Ssese imesalimika kwa sababu watu walikuwa wachache. Historia hiyo tunaijua. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale, unaoenezwa na mbung'o, uliua watu wengi sana kwenye visiwa hivi, serikali ya kikoloni ikawaondoa waliosalia, na hawakuanza kuruhusiwa kurudi hadi kufikia miaka ya 1920. Miti ilipata nafasi. Lakini msitu uliokua juu ya makaburi na mashamba ya mababu si ushahidi kwamba binadamu na miti hawawezi kukaa kisiwa kimoja. Ni ushahidi wa mbung'o tu.

Suala la mita 200 limerudi tena. Kanuni za mazingira za mwaka 2000 zinaweka ukanda wa mita 200 kutoka ukingo wa ziwa, na karibu mwalo wetu wote uko ndani yake. Mvuvi hawezi kuishi mbali na boti na injini yake. Zikilala peke yake asubuhi hazipo. Wakati huohuo, tangu michikichi ianze kupandwa kisiwani Bugala miaka ya 2000, kila mtu anajua kuna sehemu ambako mistari yake iliteremka karibu na maji. Msimamo wa kamati niliuandika kwa barua na nausoma hapa kwa kifupi: tunakubali kupimwa, tunakubali kurudisha mafunjo na miti ya asili mbele ya mwalo, ila kamba ya kupimia iwe moja kwa mkubwa na mdogo. Majibu bado.

Makubaliano na Mamlaka ya Misitu hayajatiwa saini. Sheria ya misitu ya 2003 inaruhusu jamii kusimamia msitu wa hifadhi pamoja na serikali, lakini hatua zake ni nyingi na kila afisa anapohamishwa tunaanza kuelezana upya. Tumefika kwenye rasimu ya mpango wa usimamizi. Bila saini, hatuna haki ya kisheria hata juu ya kuni kavu zilizoanguka, na hilo si jambo dogo kwa akina mama.

Sasa ghuba. Wazo la kufunga hatukulibuni sisi. Mwaka 2004 wavuvi wa Andavadoaka, kusini-magharibi mwa Madagaska, walifunga sehemu ya mwamba wao wa pweza kwa miezi kadhaa, kisha wakaifungua. Pweza hukua upesi mno, hivyo walipoingia tena walikuta wakubwa na wazito, na vijiji vya jirani vikaiga. Baadaye vijiji zaidi ya ishirini viliungana kulinda eneo moja, Velondriake, kwa sheria wanazojitungia wenyewe. Nchi nzima ya kisiwa, maskini kama sisi au kuliko sisi, na wavuvi wake walianza na kipande kidogo cha mwamba.

Tangu nisimulie habari hizo kuna wanaotaka tufunge kila mahali kwa kila samaki. Nawaomba tutulie. Mbuta (sangara) si pweza. Jike huchukua miaka kabla hajazaa, na hajui mpaka wa ghuba yetu. Leo yuko hapa, kesho yuko upande wa Tanzania. Kumfungia ghuba miezi michache ni kujifurahisha. Kwa mbuta kazi yetu ni ileile: kutovua aliye chini ya sentimita 50, hata bei ya mabondo, vibofu vyake vya hewa, ikipanda kiasi gani. Sato ni habari nyingine. Dume huchimba kiota kwenye maji mafupi yaliyotulia, jike hubeba mayai na vifaranga mdomoni, na akikokotwa na kokoro anatema vyote. Ghuba ikitulia wakati huo, faida inabaki karibu na nyumbani. Tena wazee waliokuwa vijana wakati wa maji ya miaka ya 1960 wametuambia kwamba majani yaliyozama yalijaa vifaranga wa ngege, sato wa asili wa ziwa hili. Ziwa lilipotuchukulia nyumba, huenda lilitupa kitalu. Ndiyo maana tulifunga ghuba kama tulivyopanga, mafuriko au si mafuriko.

Kuilinda ndilo swali. Kamati za mwalo zilizoundwa tangu 2003 zilisimamishwa mwaka 2015, na tangu 2017 ulinzi wa ziwa umekuwa mikononi mwa wanajeshi. Nyavu haramu zimepungua na mbuta wakubwa wameonekana tena, hilo halina ubishi. Lakini askari hajui ghuba yetu wala miezi yetu. Anajua ukubwa wa boti na matundu ya wavu. Sisi hatuna mamlaka ya kumkamata mtu, na sitaki tuwe nayo. Mwanzoni tulituma vijana kukaa na mtumbwi mdomoni mwa ghuba. Walitukanwa, na usiku mmoja walirushiwa mawe. Niliwaondoa.

Aliyeifunga ghuba kwa kweli ni Mama wa mizani, pamoja na wenzake wanaonunua sato asubuhi. Walikaa wenyewe, bila kamati, wakakubaliana kwamba samaki wa ghubani hawapandi mizani katika miezi ya kufunga. Na wanawajua. Mwanamke aliyepasua samaki maisha yake yote akimwangalia sato anajua alikotoka, na akimwangalia baharia anajua anadanganya. Mabaharia wanaohama mwalo kwa mwalo, ambao hawakuwahi kuhudhuria kikao chetu hata kimoja, walielewa kanuni siku waliporudi na samaki wasiouzika. Kuna mchuuzi kutoka nje aliyejaribu kununua kwa siri kwa bei ya juu. Akina mama walimnyima barafu, naye akahama.

Matanuri yamefuata njia hiyohiyo. Aliyejenga tanuri lililofungwa pembeni anatumia kuni chache kwa samaki walewale, na kikundi cha matanuri kimekataa kununua kuni mbichi za msituni. Mukene wanaokaushwa kwenye vichanja hawana mchanga na wanapata bei nzuri, kwa hiyo vichanja vilivyochukuliwa na maji vitajengwa upya kwanza, kabla ya ofisi. Najua ofisi inavuja.

Kuhusu fedha, mhazini atasoma hesabu baada yangu na zimebandikwa kwenye ubao wa duka la mafuta. Ruzuku ya miche imekwisha. Mfadhili aliuliza tumepanda mingapi, hakuuliza mingapi iko hai, na nilipotaka kumweleza habari ya pili aliniomba nitume picha. Tutaomba tena, lakini kwa ajili ya kutunza na si kupanda tu. Wanaopendekeza tujenge mabanda ya watalii kwa sababu kisiwa cha Ngamba kina sokwe na wageni tangu 1998, wakumbuke kwamba Ngamba iko karibu na Entebbe, na sisi mgeni hutufikia akiwa amechoka na feri.

Kasuku wa kijivu: biashara yao ya kimataifa ilipigwa marufuku mwaka 2017, lakini mitego bado ipo. Vijana wa kitalu waliiondoa walipoiona. Nzohe, swala wa majini wa kisiwa cha Nkose, hawamo katika eneo letu. Hata hivyo nyama yao ikiletwa hapa kuuzwa, tusinunue.

Hoja moja ya kamati inahitaji kura yenu leo. Katiba yetu inatoa viti vya kamati ya ghuba kwa wenye boti na mabaharia peke yao. Tunapendekeza nusu ya viti viende kwa wanunuzi na wakaushaji wa samaki, na kwamba tarehe ya kufunga na kufungua isipitishwe bila wao. Baadhi ya wenye boti wameniambia faragha kwamba hii ni kuwapa wanawake ziwa. Waseme hapa mbele yao.

Kipindi changu kinaisha kwenye mkutano huu na fomu za uchaguzi ziko kwa katibu. Sigombei tena. Kitabu cha mipaka ya msitu, barua zote za Mamlaka na funguo za stoo ya nyavu nimemkabidhi Makamu mbele ya LC1. Wenye kadi zilizolowa mwezi wa Mei waandikishwe upya pale mlangoni kabla ya kupiga kura; hakuna ada kwa hilo.