Barua ya wazi kwa vijana wa mikesha ya Mwanza: Musa hakujua kuwa uso wake unang'aa

Wanangu na wajukuu zangu mnaokesha katika maombi, kuanzia Igoma na Nyakato hadi Kirumba na Pasiansi, pamoja nanyi wa ng'ambo ya maji kule Sengerema na Ukerewe, Bwana Yesu asifiwe. Shikamoo zenu nilizoletewa nimezipokea, marahaba.

Nawaandikia kwa sababu nimesikia, na mengine nimeyaona mwenyewe, jinsi mnavyoulizana siku hizi ni nani kati yenu ameguswa na Mungu na nani bado. Zinapita kwenye simu picha za wenzenu wakiwa wamelala sakafuni usiku wa manane, na watu wanabishana kama uso wa fulani umebadilika au haukubadilika. Kiu iliyo nyuma ya mambo hayo siikemei hata kidogo. Kijana anayetamani kukutana na Mungu hadi akaacha usingizi na kupanda mawe ya mji huu kwenda kuomba ni wa kuheshimiwa, na mimi ninayewaombea kila siku naifurahia kiu hiyo. Ninalotaka tulitazame pamoja ni swali lenyewe: mtu aliyekutana na Mungu hujulikana kwa nini, na ni nani hutangulia kujua?

Mfano mnaoupenda ni wa Musa, nami pia naupenda, ila naomba muusome kuanzia mbali kidogo. Wengi hukumbuka kwamba alishuka Sinai uso wake ukimetameta, wakasahau kwamba alishuka na mbao za mawe zenye amri za Mungu mara mbili. Mara ya kwanza alikuta watu wakicheza mbele ya sanamu ya ndama waliyoiabudu, hasira yake ikawaka, akazitupa zile mbao na kuzivunja chini ya mlima. Hapo Maandiko hayasemi neno lolote juu ya kung'aa, ingawa alikuwa ametoka kukaa siku 40 mbele za Mungu. Kati ya kushuka huko na kule kwa pili kuna jambo kubwa lililotokea. Musa alirudi kwa Mungu kuwaombea watu walewale waliomkasirisha, akasema kwamba kama hawatasamehewa, basi na jina lake lifutwe katika kitabu. Baada ya ombi hilo ndipo alipothubutu kuomba aonyeshwe utukufu.

Tazameni alichojibiwa. Aliomba utukufu, akaambiwa kwamba utapitishwa mbele yake wema wote wa Mungu. Akiwa amesitiriwa katika ufa wa mwamba, alisikia jina la Bwana likitangazwa: Mungu mwingi wa huruma, mwenye fadhili, si mwepesi wa hasira, mwingi wa rehema na kweli. Hayo yameandikwa katika kitabu cha Kutoka, sura ya 33 na ya 34, na ni baada ya kuyasikia ndipo aliposhuka na uso uliowatia watu hofu. Kwa hiyo nuru ile haikuwa moto mtupu wa kushangaza macho. Mtu aliyekuwa amevunja mbao kwa hasira alikuwa amekaa karibu na Yule asiye mwepesi wa hasira, na kilichobaki usoni pake kilitoka huko. Mimi kwa upande wangu siwezi kuutenganisha ule mng'ao na ile rehema, na ndiyo maana nikiambiwa kwamba kijana fulani amemwona Bwana usiku, huwa nauliza kwanza kama mdogo wake akivunja kikombe asubuhi anapigwa au anasemeshwa.

Neno la pili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Imeandikwa wazi kwamba Musa hakujua ya kuwa ngozi ya uso wake iling'aa. Haruni ndugu yake aliona, wazee waliona, watu wote waliona, naye mwenyewe hakuwa na habari. Mama zetu wanaobanika samaki hapa ufukweni mnawafahamu: mmoja wao akipanda daladala jioni, abiria wote wanajua ametoka kwenye moshi, ila yeye pua yake imeshauzoea na hausikii tena. Ndivyo ilivyo kwa anayekaa na Mungu. Alama iko juu yake kwa sababu ya mahali alipokuwa, wala hakuivaa kwa makusudi, na wa kuitambua ni wale wanaokaa naye jirani. Hata wale wazee wa baraza la Yerusalemu, walipoona ujasiri wa Petro na Yohana na kujua kuwa ni watu wasio na elimu, wakawatambua ya kwamba walikuwa pamoja na Yesu. Petro na Yohana hawakuwa wameleta ushuhuda wa kuthibitisha jambo hilo.

Basi kijana anayejitazama kwenye kioo cha simu baada ya mkesha, akitafuta kama ameng'aa, amekwisha geuza macho kutoka pale nuru inapotokea. Na hapa nitasema kwa ukali kidogo, mnivumilie kama mnavyomvumilia babu. Musa alipojua kwamba uso wake unawatisha watu, alichukua utaji akajifunika. Ninyi mnafunua na kurekodi! Dada wa watu analia mbele za Mungu wake, nguo imemlegea, hajui aliko, na mwenzake amesimama juu yake na kamera. Hilo halina heshima kwa dada yule, wala kwa Yule anayeliliwa. Bwana wetu alipofundisha juu ya kufunga alisema mtu apake mafuta kichwani na kunawa uso, ili watu wasijue, naye aliwaita wanafiki wale wanaoikunja sura ili waonekane kuwa wamefunga. Kama alikataza kuigiza uso wa njaa, sidhani atakubali tuigize uso wa utukufu. Na anayewauzia chupa ya mafuta au ya maji kwa ahadi kwamba mtang'aa, msimpe hata shilingi.

Zaidi ya hayo, Haruni na watu walipoogopa kumkaribia, Musa aliwaita, wakarudi, akasema nao. Hakuutumia uso ule kujitenga. Wako miongoni mwenu waliokwisha kuwaona wazazi wao kuwa watu wa mwilini, hawali tena nao, hawaendi tena msibani na ukoo. Hilo silikuti katika habari za Sinai.

Mtaniuliza: je, mabadiliko yanayoonekana hayapo kabisa? Yapo, tena yanaonekana kuliko mnavyodhani, ila mara nyingi hayako kwenye ngozi. Yakobo alishindana usiku kucha kwenye kivuko cha Yaboki, akapaita mahali pale Penieli kwa kuwa alimwona Mungu uso kwa uso, na jua lilipochomoza alama aliyokuwa nayo ilikuwa kuchechemea. Mtu mjanja aliyezoea kukimbia sasa hakuweza kukimbia. Siku hiyohiyo alikwenda kukutana na Esau, ndugu ambaye yeye Yakobo alikuwa amemdhulumu, akainama mbele yake mara saba, akamwambia kwamba kuuona uso wake ni kama kuuona uso wa Mungu. Napenda sana mahali hapo. Aliyeuona uso wa Mungu usiku aliweza, asubuhi, kuuona uso wa mtu aliyemkosea bila kukwepa.

Zakayo, yule mtoza ushuru, naye hatuambiwi kwamba aling'aa. Tunaambiwa alisimama na kutaja nusu ya mali yake kwa maskini, na kurudisha mara nne kwa kila aliyemdhulumu. Wafanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni Kirumba watanielewa upesi kuliko wengine, kwa sababu pale mtu akibadilika haihitajiki sikukuu ya kutangaza: mizani inasema, na gunia linasema, kama dagaa walio chini ni sawa na walio juu au chini kuna mchanga. Katika miaka ya 1930, uamsho uliochipuka Gahini, Rwanda, ulienea hadi Uganda na ukafika Bukoba, upande wa pili wa ziwa letu. Watu wake wengi waliimba, walilia, na wengine walitetemeka, lakini majirani ambao hawakuingia hata siku moja katika mikutano yao walishangazwa na jambo jingine, yaani watu kuja mlangoni kurudisha vitu walivyoiba zamani na kuungama kwa mdomo wao wenyewe. Jirani yule hakuhitaji kuelezwa nini kimetokea usiku.

Sasa naomba nikae kidogo na wale wanaosoma barua hii wakiwa na huzuni, kwa sababu maneno ya nyuso zinazong'aa huwaumiza. Mji huu uliwapoteza watu wengi MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996, na tena MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara mwezi Septemba 2018. Wajane na yatima wa ajali zile waliomba wakiwa na nyuso zilizovimba kwa kilio, na asiwepo mtu wa kusema kwamba hawakuwa mbele za Mungu. Mwanamke aitwaye Hana, aliyekuwa akimwomba Mungu mtoto, alikuwa akilia kwa uchungu hekaluni hata kuhani akamdhania kuwa amelewa. Ni baada ya kumimina moyo wake, na kuambiwa aende kwa amani, ndipo alipokula, na uso wake haukukunjamana tena. Na mtoto alikuwa bado hajapatikana. Stefano, ambaye baraza zima liliuona uso wake kana kwamba ni wa malaika, hakuepushwa na kifo cha kupigwa mawe. Nuru ile ilionekana tena mwishoni, alipopiga magoti na kuwaombea waliokuwa wakimpiga wasihesabiwe dhambi hiyo. Kwa hiyo, mkimwona mwenzenu ana uso mzito, mkaribieni na kumuuliza amekula nini leo, badala ya kumwambia kwamba amepoteza upako.

Limebaki jambo la kufifia, ambalo linawatesa wengi wenu hata mkifikiri ni siri. Mkesha ulikuwa mtamu, na siku chache baadaye moyo ni mkavu kama mchanga. Mtume Paulo, akiwaandikia Wakorintho, anasema utaji wa Musa uliwazuia Waisraeli wasiutazame mwisho wa utukufu uliokuwa ukibatilika. Maana yake hata mng'ao wa Sinai haukuwa wa kudumu, na kila Musa alipoingia kusema na Bwana aliuvua utaji hadi atoke. Aliingia tena na tena. Kosa ninaloliona kwa vijana ni kutaka kuishi mwaka mzima kwa usiku mmoja, na moto ukipungua, kupandisha sauti ili wengine wasijue. Paulo anasema tunabadilishwa toka utukufu hata utukufu, yaani hatua kwa hatua, na kwa uso usiofunikwa. Majirani zetu Waislamu nao husoma katika sura ya 48 ya Qurani kwamba alama za waumini zimo katika nyuso zao kwa athari ya kusujudu, nami nimewaona wazee wa misikiti yetu ambao upole wao ulitokana na miaka mingi ya kuamka alfajiri bila kukosa. Kusujudu mara moja hakuachi alama. Afadhali robo saa kila asubuhi kabla ya kwenda kazini kuliko mkesha mmoja wa kishindo na mwezi mzima wa ukimya.

Kwa mkesha unaokuja, nawaomba simu ziwekwe ndani ya kapu mlangoni na zikabidhiwe kwa mmoja wenu mwaminifu. Someni kwa sauti, polepole, Kutoka sura ya 32 hadi ya 34, bila mahubiri katikati, kisha mnyamaze kwa muda wa kutosha hata anayetaka kulia alie bila kutazamwa. Waombeeni kwa majina wale waliowakosea, kama Musa alivyofanya kabla hajaomba utukufu. Atakayelala sakafuni asitirike kwa kitenge na aachwe. Ushuhuda usitolewe usiku huo. Utolewe baada ya mwezi, na usitolewe na mhusika mwenyewe bali na mama yake, mke wake, mwajiri wake au mtu aliyekuwa akimdai. Na mfunge mapema, ili wenzetu wa Ukerewe waiwahi meli na akina mama wenye biashara wafike Mwaloni kabla soko halijachangamka.

Ni mimi mzee wenu,
Kirumba, Mwanza