Kaiserhof mnaililia baada ya matanga

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu hoteli ya Kaiserhof ya Dar es Salaam, ambayo Wajerumani walipoondoka ikaitwa New Africa, nimeisoma yote. Jengo la 1906 limevunjwa, pamepandishwa ghorofa, jina likabaki. Mwandishi wenu kalia sana, ila sheria hakuigusa. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inayakinga moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Lililojengwa baadaye lingoje Waziri alitangaze.

Sasa njooni Mikindani muone maana yake. Mwaka jana nimekuta vijana wanaibomoa nyumba ya kale karibu na pwani, mchana kweupe. Mmoja anachokoa chokaa kwa mtaimbo, mwenzake anapakia mawe ya matumbawe kwenye kirikuu, na miimo ya mlango wa nakshi imekwisha lazwa chini, misumari ya zamani ingali imo. Nikaenda ofisi inayohusika, jasho linanitoka. Kijana wa mezani hata hakuinuka. “Shikamoo mzee. Nyumba ni yako?” Si yangu. “Basi una hati gani?” Hati! Mimi nimezaliwa mtaa ule, babangu kaswalia msikiti wa jirani, naulizwa hati kama dalali wa viwanja! Akaniambia jengo halimo kwenye orodha, nirudi Jumatatu. Jumatatu palikuwa pameshafagiliwa. Na msiniambie majengo haya hayafai kitu: Boma la Mjerumani la 1895, hapohapo Mikindani, lilikuwa gofu, likakarabatiwa, leo ni hoteli na wageni wanalipa kulala humo.

Lakini kung'oa ndiyo kazi tunayoiweza. Reli ya mradi wa karanga, ule wa mashamba makubwa ya Mwingereza, kutoka Mtwara hadi Nachingwea, tuliing'oa Uhuru ukiwa bado mbichi, na leo tunaahidiwa reli mpya kutoka hapa Mtwara hadi Mbamba Bay, Ziwa Nyasa. Vyuma vile vingekuwepo tungeanzia mbali.

Ushauri wangu: nyumba ikifika miaka 60 istaafishwe kama mtumishi wa umma, kwa barua. Anayetaka kuivunja abandike tangazo mlangoni siku 90, kwa Kiswahili, herufi za kusomeka bila miwani. Na huyo aliyenunua ile miimo airudishe. Baa aliyoipachika naijua, na mwenyewe anajua kwamba najua.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Mikindani, Mtwara