Mnara Mmoja, Mitambo Miwili: Gesi Zikutane Wapi?

Wateja wengi hutujia na hali hii: tanuru zao zilijengwa kuvunja nafta (kimiminika chepesi kinachotokana na mafuta ghafi) kwa mvuke, baadaye wakahamia gesi ya ethani. Kati ya gesi mbili za kutengenezea plastiki, ethilini imeongezeka, propilini imebaki kiduchu. Sasa wanataka kuongeza mtambo wa kuondoa haidrojeni kwenye propani ili kupata propilini, na wanauliza kama vifaa vya kutenganishia walivyonavyo vitatosha.

Mnara wa propilini, unaoitenganisha na propani, mara nyingi ndiyo. Propilini huchemka kwenye nyuzi −48 hivi za Selisiasi, propani −42. Kwa tofauti ndogo namna hiyo mnara huhitaji trei (sakafu za ndani za kutenganishia) zaidi ya 100 ili propilini ifikie usafi wa asilimia 99.5 unaotakiwa na viwanda vya plastiki. Kama mnara wako uko nusu tupu tangu uache nafta, utumie. Kujenga wa pili ni kutupa fedha.

Tunakokataa ni kumwaga gesi ghafi ya mtambo mpya kwenye kompresa ya zamani. Haidrojeni yake nyingi huifanya ethilini iwe ngumu kugeuka kimiminika kwenye sehemu ya baridi. Halafu kuna monoksidi ya kaboni, na hapa ndipo tunapoomba mteja atusikilize kwa makini. Pale ambapo asetilini (uchafu usiotakiwa ndani ya ethilini) huondolewa kabla haidrojeni haijatenganishwa, monoksidi hiyo hukaa juu ya paladiamu, metali ya kichocheo kinachoiondoa asetilini, na kuipunguza makali. Mtambo wa propani ukizimika ghafla usiku, monoksidi hupungua, makali yanarudi, na kichocheo kinaanza kula ethilini yenyewe. Joto hupanda, na mwendeshaji ana dakika chache tu za kuamua. Monoksidi nayo ikizidi, asetilini hupenya hadi kwenye ethilini ya kuuza.

Kwa hiyo ushauri wetu wa kawaida ni huu: mtambo wa propani uwe na kompresa yake, uondoe gesi zake nyepesi wenyewe, kisha ujiunge kwenye mnara wa propilini tu. (Gesi inayotoka kwenye kiwanda jirani cha kusafisha mafuta ni habari nyingine. Oksidi za nitrojeni zilizomo zinaweza kutengeneza gundi inayolipuka kwenye baridi kali, hivyo hatuigusi kabla ya vipimo.)

Ukituita, michoro peke yake haitoshi. Tuletee pia kumbukumbu za joto la kichocheo, dakika kwa dakika, za siku mtambo wako ulipozimika mara ya mwisho.